Maembe ya Kupimwa

Mwaka niliposomea shahada ya uzamili ya kilimo cha bustani, chumba chetu cha mbele pale Kariakoo kilinukia maembe kutwa kucha. Niliyapanga kwenye sinia, mengine nimeyapaka nta, mengine nimeyaacha yalivyo, kila moja na namba yake. Kazi yangu ilikuwa kuyapima kila asubuhi mpaka yaoze, nijue kama nta inayachelewesha. Yakiliwa, utafiti umeharibika, na msimu wa maembe haumsubiri mwanafunzi.

Harufu ile ilinilewesha. Nilikuwa nakaa na mzani mapajani nikisikia wasukuma mikokoteni wakiomba njia huko nje, kwa mbali, kama redio ya jirani, na nikasahau hata nilikuwa napima nini.

Bibi yangu alilala chumba hicho hicho. Tangu tumzike babu alikuwa haongei, na chakula anakigusa tu. Mama alimhangaikia kwa uji wa mchele na supu ya samaki wa soko la Feri, wapi. Sahani zilirudi jikoni zimejaa. Niliogopa sana, ila sikumwambia mtu.

Jumapili moja asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, embe liko puani, macho ameyafumba.

"Bibi, hilo la shule," nikasema taratibu.

Akafumbua jicho moja. "Mume wetu keshakufa, mke mwenzangu. Bado unanionea wivu mpaka kwenye embe?"

Kwetu bibi humtania hivyo mjukuu wake wa kike, kwamba wanagombea mume mmoja, naye ni babu. Nilikuwa sijaitwa mke mwenza tangu msiba.

Nikachukua kisu. Alikula bila haraka, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni, akafyonza kokwa mpaka likawa jeupe. Kisha akanyoosha kidole kwenye sinia ya pili.

"Na yale yanayong'aa?"

Nilimfikiria msimamizi wangu wa chuoni, lakini kidogo tu. Nikamenya moja kati ya hayo pia, nta na yote, na la tatu tukagawana. Nilikuwa nalia huku natafuna.

Msimamizi hakufurahi hata kidogo. Ilibidi nisubiri msimu mwingine. Nilipomweleza bibi, alikuwa anakula wali; akameza kwanza, akaniambia msimu ujao ninunue mengi zaidi.