Maua Mekundu ya Saio

Juma hili niliwafuata wakubwa wa mairie, ofisi ya meya wa mji, mpaka mtaa wa Saio, kwenye kiwanja wanachotaka kugeuza bustani ya watu wote. Risasi zilikuwa zimenyamaza tangu asubuhi, basi bwana wa mipango akakunjua mchoro wake juu ya boneti ya gari: hapa benchi, kule bembea. Mimi nilicheka moyoni. Mji unalala chini ya vitanda, na huyu anapanga bembea!

Akafika kwenye mstari wa maua mekundu, akachuchumaa, akafurahi kweli.

"Nani alipanda hizi? Iko kwa laini muzuri! Tutaongeza zingine."

Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Fataki alikuwa anachuma mboga za lengalenga pale kando. Akajipangusa mikono kwa kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Ni siye, papa. Chini ya kila moja kuko mutu wetu. Tukiweka musalaba ya miti, watu wanaibeba kwa kupikia. Maua haiwake moto."

Bwana alisimama polepole, akavua kofia.

"Pole, mama. Basi benchi tutazipeleka fasi ingine."

"Hapana, weka hapa-hapa," mama akamjibu. "Tuliwazika mbio-mbio, risasi inalia. Matanga yao hatujakaa mpaka leo."

Sikucheka tena. Siku ya kukata utepe, wakubwa watakuja na fanfare yao ya ngoma na tarumbeta. Siye wengine tutakuja na mikeka.