Muundi wa Dada Magdalena

Dada Magdalena, binti wa mjomba, anaishi kwetu, mtaa wa Kimandolu, kwa ajili ya timu ya mbio. Kila alfajiri alikuwa akikimbia kupanda milima kwenye migomba, hadi muundi wake wa kushoto, ule mfupa chini ya goti, ulipoanza kuuma, sehemu moja tu, ndogo kama kifungo.

Kocha Abdiel akamwambia akapige picha ya eksirei kwenye zahanati mpya ya binafsi kule mtaa wa Sakina. Alirudi na bahasha, na baba akaibandika ile picha kwenye kioo cha dirisha. Sote tukaisoma, hata jirani, na kocha alipofika naye akaisoma. Mfupa mweupe, hauna ufa.

"Mguu mzima huu," kocha akasema. "Nani kakununua, Magda?"

Wakala mmoja wa wanariadha kutoka Nairobi alikuwa amempa viatu, basi kocha akaamini anautunza mguu kwa mbio za Kenya. Akamwambia kwamba asipofanya mazoezi, nafasi ya mashindano ya Dar anapewa mwenzake Sinyati.

Na mimi nilimshuku. Nikawa namchungulia nione kama anachechemea akiwa peke yake. Alichechemea. Nikamwambia mama.

"Anajua unamchungulia," mama akajibu.

Wiki ya tatu Magdalena alirudi zahanati kupigwa picha tena. Kocha akaenda naye, nami nikafuata nikiwa na sare ya shule.

"Safari hii naangalia mwenyewe," kocha alisema, "nisije nikaletewa mguu wa mtu mwingine."

Mpiga picha aliitoa ikiwa bado inachuruzika maji, akaiweka mbele ya taa. Ubavuni mwa mfupa palikuwa na uvimbe mweupe kama ukungu.

"Mfupa umechoka kwa mbio, ukapata ufa mwembamba," alisema. "Mwanzoni picha haiuonyeshi. Unaonekana mfupa unapoanza kujiunga."

"Hii ni ya kushoto?" kocha akauliza.

"Umesimama mlangoni ukiangalia nikiipiga, mzee."

Kocha akamgeukia Magdalena. "Na vile viatu vya Nairobi?"

"Viko uvunguni. Vinabana."

Kocha akaitazama tena picha, karibu pua iguse. "Dar huendi. Pumzika mpaka upone. Kwenye timu unabaki."

"Sawa, kocha. Ila na Sinyati muundi unamuuma tangu uanze kumwandaa kwa nafasi yangu. Anaogopa utamwuliza nani kamnunua."

Kocha alivua kofia, akaivaa tena, akamwuliza mpiga picha kesho wanafungua saa ngapi.