Shimo Kwanza, Chai Baadaye

Jumamosi iliyopita, wiki moja kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, tulimpoteza fundi wa majiko. Alifariki alfajiri nyumbani kwake, baada ya homa na kifua vilivyomlaza siku chache tu, na baada ya sala ya adhuhuri tukamzika Mtoni. Wasomaji wa mjini watamkumbuka bila ya mimi kulitaja jina lake, maana mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa na kibanda chembamba nyuma ya soko la Darajani, na kwa miaka mingi jiko la mafuta ya taa likiziba, au taa ya karabai ikikataa kuwaka, njia ilikuwa moja tu: kwake. Mimi nilimjua hivyo hivyo, kama mteja. Sikuwa rafiki yake wa ndani na sitaki kujifanya nilikuwa. Lakini kuna kipindi cha maisha yake nilichokishuhudia kwa macho yangu, na furaha niliyoiona humo bado haijanitoka. Katika msiba huu naona afadhali niwagawie furaha hiyo kuliko kuwaongezea huzuni.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mafuta ya taa yalikuja kwa meli, na meli ikichelewa, vibati na chupa vilipangwa foleni tangu mapema, wenye vibati wakikaa kivulini na kubishana nani alitangulia. Kuni nazo zilizidi kuwa mbali. Ndipo serikali ilipotoa fungu, sisi tukiliita fungu la majaribio, kwa ajili ya mafundi wenye viwanda vidogo waliokuwa na wazo lolote la kupata moto au nguvu bila ya kungojea meli. Haikuwa zawadi wala haikuwa deni. Ulipewa saruji, mabati, mabomba na posho ndogo, ukajaribu. Ukifaulu unapewa fungu la pili ukawajengee na wengine. Ukishindwa, vifaa vilivyobaki vinarudi, na hakuna atakayekushtaki. Fundi wetu aliwahi kutengeneza pampu ya maji katika shamba la serikali la Kizimbani, na huko bwana shamba mmoja alimweleza kuwa samadi ya ng'ombe ikioza mahali pasipoingia hewa hutoa gesi inayowaka. Hakulizua yeye jambo hili, na kila aliyemsifu kwa uvumbuzi alimsahihisha. Basi alikwenda mbele ya kamati akasema anataka kupika kwa mavi ya ng'ombe. Nimeambiwa kamati ilicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi. Walicheka, kisha wakampa.

Alikiacha kibanda cha Darajani kwa fundi mwingine, maana kazi mbili asingeziweza, akahamia na mkewe Mtoni, kwenye ua wa shemeji yake mfuga ng'ombe wa maziwa, kando ya barabara ya Bububu. Pa kurudia hakuacha. Alichimba shimo, akalijengea kwa mawe na saruji, akalijaza samadi iliyokorogwa na maji, na juu yake akalifudikiza pipa la chuma. Gesi ilikusanyika chini ya pipa, na kutoka hapo bomba na kipande cha mpira viliipeleka kwenye jiko, ambalo lilikuwa primasi kuukuu ya mafuta ya taa aliyoibadilisha tumbo. Pipa la kwanza lilivuja. Alilipaka povu la sabuni akawa analizunguka kama mtu anayemkagua mbuzi wa Idi, akitafuta viputo. Pipa la pili halikuvuja, lakini gesi yake ya mwanzo ilizima kiberiti badala ya kushika moto, akawa anaitoa na kungoja nyingine. Watoto wa njiani wakamwita Fundi Samadi, na hilo ndilo lilikuwa jina la adabu. Wakubwa walikuwa na jina jingine, ambalo mhariri hatonikubalia nilitaje.

Alasiri moja nilikwenda huko kumwomba anitafutie ngozi ya pampu ya jiko langu. Alinishika mkono hata salamu haijesha.

"Yakhe, una kiberiti?"

"Ninacho."

"Basi washa weye. Mie nshajaribu tangu asubuhi, pengine mkono wako una baraka."

Mkewe, aliyekuwa akianua nguo kambani, akasema bila ya kugeuka, "Mwache mgeni wa watu arudi mjini na nyusi zake."

Nikawasha. Kwanza sikuona kitu, nikadhani kiberiti kimezimika kama siku zote. Kisha nikasikia mvumo mdogo, nikainama, nikauona: moto wa buluu, umetulia juu ya jiko kana kwamba ulikuwa hapo siku zote na sisi ndio tuliochelewa. Haukutoa moshi. Haukurusha cheche. Sote watatu tulipiga kelele. Mkewe alipiga vigelegele, nguo alizoanua zikamponyoka mchangani na wala hakuziokota. Ng'ombe wakageuza vichwa kututazama, na fundi akawanyooshea mkono, "Washukuruni hao, mie mpishi tu!" Nimeona sherehe kubwa katika maisha yangu, zenye ngoma na bendera, lakini sijaona watu watatu na ng'ombe kadhaa wakafurahi vile.

Kamati ilikuja Alhamisi iliyofuata, nami nilialikwa. Hapo fundi alifanya kosa ambalo mtu mwenye kuipenda kazi yake hawezi kuliepuka. Alianza na shimo. Alilifunua tundu la kutolea samadi, akakoroga kwa mti, akawaita wasogee. "Karibuni, karibuni, hapa ndipo penyewe!" Wakasogea, leso puani. Kisha akauwasha moto, wakapiga makofi kwa dhati, na mwenyekiti wa kamati akapiga makofi kuliko wote. Kisha mkewe akapika chai ya mkandaa, kavu bila ya maziwa, akaileta kwenye sinia na mandazi ya moto.

"Mimi leo nimefunga," alisema mwenyekiti.

"Mie daktari kanikataza chai," alisema wa pili.

"Nshakunywa nyumbani," alisema wa tatu, akajishika tumbo ili tuone limejaa.

Wanawake wa jirani walikuwa wamejazana kwenye ua wa makuti. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Akaa! Chai ya mavi, tena yatiwe sukari?" Kicheko kikazuka. Hata shemeji, mwenye ng'ombe wake, alikishika kikombe mpaka kikapoa. Mimi nilikunywa changu, lakini mtu wa mjini sikuhesabiwa. Waliotakiwa ni wenyeji. Wala tusiwacheke watu hawa. Sisi tumelelewa tukijua kinyesi ni najisi, nguo ikiguswa haisaliwi mpaka itwaharishwe, na chakula kina heshima yake. Mwenyekiti alimchukua fundi pembeni, akasema naye kwa upole. "Moto tumeuona, na ni moto kweli. Lakini siwezi kuomba fungu la pili kwa moto usiopika. Jumatatu ya wiki ijayo tutarudi. Tukiwakuta watu wa hapa wanautumia, tutaendelea. Tukikuta hivi hivi, ndugu yangu, vifaa itabidi virudi."

Siku zile alipita Darajani, akakaa kwenye baraza ya muuza kahawa, nami nilikuwapo. Muuza kahawa alikuwa na dawa tayari. "Kosa lako dogo, fundi. Umewaonesha shimo kwanza. Jumatatu wanyweshe kwanza, wasifu, halafu ndo uwafunulie. Watakuwa wamekwisha kunywa, watafanyaje?" Kila mtu barazani aliona ni shauri jema. Mimi pia niliona hivyo. Fundi alikunywa kahawa yake mpaka mashapo, akasema, "Nikimnywesha mtu asilolijua, hata akinisifu, kasifu kitu kingine. Atakayekunywa anywe anajua."

"Basi vifaa vitarudi," alisema muuza kahawa.

"Virudi. Mie ntatafuta kibanda kingine, nizibue majiko."

Hakulisema hilo kwa ushujaa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na alipoondoka alisahau kofia yake barazani.

Sasa niwaeleze habari za Bi mmoja wa pale Mtoni, jirani yao, mjane, aliyesomesha watoto wa kike Kurani ukumbini kwake. Huyu kwa mambo ya twahara hakuwa na mfano. Kikombe alichonywea mgeni alikisuuza, akakisuuza tena, kisha akakitazama kwa shaka. Watu waliogopa kumpelekea chakula. Jumapili, siku moja kabla ya kamati kurudi, Bi huyu aliingia uani na buibui lake, mkononi kachukua sufuria yake mwenyewe, maji yake, majani yake ya chai na kikombe chake. Haya nayasimulia kama nilivyosimuliwa na mke wa fundi, ambaye anasema alitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, Bi," mke wa fundi akamwamkia.

"Marahaba. Sikuja kunywa, nimekuja kuuliza. Hicho kinyesi kinagusa sufuria?"

"Hakigusi, Bi," fundi akajibu.

"Kinagusa maji?"

"Hakigusi."

"Moshi wake?"

"Hauna moshi."

"Kila moto una moshi. Nioneshe shimo."

Akalifunua. Bi akalitazama mpaka akatosheka, hakuziba pua. Akarudi jikoni, akateleka sufuria yake, akasimama juu yake kama mwalimu anayesimamia mtihani. Maji yalipochemka akaiepua, akaiinua juu, akapangusa kitako cha sufuria kwa ncha ya mtandio wake mweupe. Akautazama mtandio. Akaugeuza, akapangusa tena. Ulikuwa mweupe vile vile.

Alikaa chini kwenye kigoda. "Miaka yote hii," alisema, "nnasugua masizi kwa majivu na mchanga, macho yangu yameharibika kwa moshi wa makumbi ya nazi, na najiona ndo mtwahara." Akacheka, na mke wa fundi aliniambia hakuwahi kumsikia Bi yule akicheka kabla ya siku hiyo. "Shekhe wa msikiti wetu nshamuuliza. Kaniambia nende nkatazame kwa macho yangu: kama hakuna kinachogusa chakula, nisiifanye dini nzito kuliko ilivyoletwa. Nimetazama. Tia majani hayo."

Jumatatu kamati ilirudi, na fundi, Mungu amrehemu, akaanza tena na shimo. Nilisikia watu nyuma yangu wakiguna. Akafunua, akakoroga, akaeleza yote kwa moyo ule ule, ila mara hii hakumwita mtu asogee. Kisha Bi akaingia na sufuria yake. Alipika uji wa mchele, akajimiminia wa kwanza, akanywa mbele ya kila mtu, akafuta mdomo, akawageukia wanawake wa uani. "Mnanijua?"

"Tunakujua, Bi!"

"Basi mnangoja nini?"

Yule aliyeicheka chai ya mavi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka ua. "Kama Bi kanywa, mie nani?" Baada ya hapo hatukusikilizana tena. Mmoja anauliza kama moto utaweza kuchoma mkate wa kumimina, mwingine anasema kwake ana ng'ombe wawili, watatosha? Wengine walikwisha anza kugombana nani ajengewe mwanzo. Mwenyekiti alisimama katikati ya fujo hiyo akitabasamu. Uji haukumfikia. Jumatatu nayo, alisema, huwa anafunga.

Lakini fungu la pili aliliomba, na lilitoka. Nimelifikiria sana jambo hili tangu Jumamosi. Tumezoea kusema kiongozi mwema ni yule anayeamini pamoja nasi. Mtu huyu hakuamini. Tumbo lake lilikataa, na hakulilazimisha. Aliweka sharti la haki, sharti likatimizwa, akatoa kilichoahidiwa kwa kitu ambacho mwenyewe asingekitia mdomoni. Mimi elimu yangu ni ndogo, lakini nadhani fungu la majaribio maana yake ni hiyo. Anayelitoa si lazima apende wazo, na anayelipokea si lazima afaulu. Kinachotakiwa ni yule wa kwanza kuwa tayari kushangazwa, na wa pili kutokuwa mwongo. Wapo mafundi waliopewa mafungu kama hayo na kazi zao hazikuwaka, na vifaa vyao vilirudi. Nao pia wanatudai shukurani, maana asiyeruhusiwa kukosea hujaribu yale tu yaliyokwisha kujaribiwa. Na fundi wetu angeweza kuupata ushindi wake kwa njia fupi ya muuza kahawa. Chai yake ingenywewa, angesifiwa, na siku watu wangelijua shimo, moto ule ungezimwa Unguja nzima na hakuna Bi ambaye angeuwasha tena. Alianza na shimo, ndiyo maana majiko yake bado yanawaka.

Juzi Jumatatu, siku ya tatu ya matanga, tulisoma hitima pale Mtoni. Kahawa na chai vilipikwa kwa Bi, kwenye jiko alilojengewa mwanzo kabisa, na vikapitishwa juu ya ua mpaka kwa wanaume mkekani. Hakuna aliyeuliza moto ulitoka wapi. Mwenyekiti wa kamati ile, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, alikuja kwa miguu kutoka kituo cha gari, akasoma juzuu yake mpaka mwisho, akafunga msahafu. Sinia lilipofika kwake alichukua kikombe, akakinywa chote, akakishika mkononi kikiwa kitupu. Bi alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Leo Jumatatu, ndugu mwenyekiti," alisema. "Hukufunga?"

Mwenyekiti akanyoosha kikombe. "Leo sikufunga, Bi. Nitilie tena."

Akamtilia.