Bati Nililoligeuza

Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini kuna bati moja huko Kibera nikiliangalia nageuza uso. Nililigeuza kwa mikono yangu mwenyewe, juu chini, na hakuna aliyenilazimisha.

Kabla nianze kuchomelea mageti hapa Kawangware, karibu na stendi ya 56, nilikuwa askari wa msitu miaka tisa. Bunduki zetu hazikuwa na darubini. Kulikuwa na kijiti cha mbele, mwanya wa nyuma, na jicho lako. Mkufunzi wetu, mzee wa matusi mazito, alituimbia hesabu ile hadi tukaiota: mtutu uko chini ya jicho, kwa hivyo risasi hutoka ikipanda. Inakata mstari wa jicho hapo karibu, inapita juu yake, halafu inashuka na kuukata tena mbali, kule ulikoseti bunduki. Ukisahau hilo, mtu wa katikati utampiga shibiri nzima juu ya ulipolenga. "Lakini mita arobaini," alisema, "usiniletee hadithi za upepo! Ulichoangalia ndicho ulichopiga, mjinga wewe."

Dada yangu mdogo alikuwa fundi wa nguo. Alipigwa risasi saa nne asubuhi, ndani ya nyumba yake, ameketi kwa cherehani, anashona sketi ya shule. Nje vijana walikuwa wamechoma matairi kwa sababu maji yalikuwa yamekatwa, na askari walikuwa wamesimama juu ya tuta la reli. Wakubwa wao wakasema risasi zote zilipigwa hewani, na kama kuna moja iliyomwangukia mtu, hiyo ni bahati mbaya. Ati ilianguka! Na paa la nyumba lilikuwa zima kabisa.

Nilifika mchana uo huo. Tundu kwenye bati la ukuta lilikuwa futi nne na nusu kutoka chini. Risasi ilimpitia shingoni, ikatoboa plaiwudi ya ukuta wa ndani, futi tatu kutoka chini. Nikachukua uzi wake mwenyewe, nikauvuta kutoka tundu la ndani hadi la nje, nikafumba jicho moja. Mstari ulipanda moja kwa moja hadi pale juu ya tuta. Nikatoka nikahesabu hatua: hamsini, ndizo hizo mita arobaini. Umbali huo hakuna cha risasi kupanda wala kushuka. Mtu aliweka jicho kwenye mwanya, akaangalia ukuta wa dada yangu, akavuta. Nilimwambia shemeji, mume wa marehemu, "Hii hawawezi kuikana. Hata wakija na nani."

Siku ya tatu ya matanga mvua ikaanza, ile ya kupigwa na upepo. Maji yaliingia kwa lile tundu hadi kwenye magodoro ya kina mama waliokuja kuomboleza. Tena asubuhi mwanga ulikuwa unapita hapo na kumwangukia shemeji usoni, naye anageukia upande wa pili analia. Nikajiambia, si mimi ni fundi? Nikang'oa misumari, nikaligeuza bati lile la futi sita, tundu likaja chini, nikalifunika kwa mitungi ya maji. Huku kwetu bati halitupwi, linageuzwa. Kina mama walinishukuru, mmoja akanimiminia chai. Na mimi mwenye akili zote za bunduki, sikufikiria. Haki ya Mungu, niliona maji tu.

Mpelelezi alikuja wiki tatu baada ya mazishi. Mimi nilikuwa kule Kongo, mtaa wa hapa Kawangware, natengeneza geti. Shemeji aliponipigia simu nikakimbia, nikamkuta mpelelezi anakunja tepu. Alikuwa amepima tundu la bati pale alipolikuta, futi moja na nusu. La plaiwudi, futi tatu. Mstari wake ulikuwa umeteremka hadi kwenye mtaro wa maji machafu, mahali vijana walikuwa wamejificha siku ile. Alikuwa ameshaandika: risasi ilitoka chini, upande wa vijana.

"Hapana, afande! Hilo bati nililigeuza mimi!"

"Wewe ni nani?"

"Kaka ya marehemu."

"Na ukagusa ushahidi?"

"Mvua ilikuwa inaingia, afande."

Nikamwonyesha kutu ya chini, ambayo sasa ilikuwa juu. Nikamwonyesha matundu ya misumari ya zamani. Nikamweleza kijiti, mwanya, mita arobaini, huku sauti inanitoka kama ya mtoto. Alinisikiliza kwa adabu sana, kisha akaongeza mstari mmoja: familia imekiri kuvuruga mahali pa tukio. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akaniambia, "Budaa, umetuchoma sote," akaenda zake.

Faili ikafungwa. Shemeji hakunigombeza, na afadhali angenigombeza, hata kunipiga. Aliniuliza tu, "Shem, kwani si wewe ulisomea bunduki?"

Jumapili iliyofuata aliniomba nilirudishe bati vile lilivyokuwa. Nikalirudisha. Hataki nilizibe. Tundu liko mahali pake, futi nne na nusu, na ukiketi pale kwenye cherehani unaliona tuta la reli. Mvua ikinyesha anaweka sufuria hapo chini, na hakuna mtu amewahi kuja kupima tena.