Mtumbwi Nilioufuta Kwenye Picha ya Ukungu

Hiki kisa cha mtumbwi wa Mama Kulwa wote mnakisimulia vibaya. Mimi ndiye nilikuwepo.

Kwanza salamu za asubuhi: mwangaluka.

Leo alfajiri nilikuwa ufukweni hapa Lamadi na simu yangu. Ukungu umekaa ziwani, mzuri kweli.

Shule sikwenda, ila kwa picha Simiyu nzima hamna wa kunifikia. Msibishe.

Nikapiga. Nikalainisha rangi, nikapunguza mwanga kidogo.

Kulikuwa na mtumbwi mmoja pembeni, viraka vitupu, unaniharibia picha. Nikaupangusa kwa kidole, ukapotea.

Nikarusha kwenye grupu. Mkaniwekea makopa, nikavimba kichwa.

Saa nne Mama Kulwa anatafuta mtumbwi wake, hauonekani. Akafungua picha yangu.

"Ona, kumekucha na mtumbwi haupo. Umeibiwa usiku, Masanja kalala lindoni."

Mzee Masanja, mlinzi wake wa usiku, akasema, "Mayu, jua linatoka nimeuacha hapa hapa."

"Kwa hiyo picha inadanganya? Nenda nyumbani, kazi imeisha."

Masanja akanigeukia. "Ngosha, wewe ulikuwepo. Sema basi."

Nikasimama mbele ya watu wote nikasema kosa ni langu.

Jamani.

Hapo pa kusimama nimetunga. Niliangalia ndala zangu, nikaondoka.

Mama Kulwa, picha ambayo sijaigusa hii hapa chini. Mtumbwi wako unaonekana humo, kwa hiyo umechukuliwa kukishakucha, zamu yake imeisha. Mrudishe mzee wa watu kazini.

Nyie wengine nitukaneni tu.