Mwezi wa Sita Usikuje

Dada yangu alinikataza kitu kimoja tu.

"Wawira, kuja mwezi wowote ule unataka. Lakini mwezi wa sita usikuje."

Mimi nikaenda mwezi wa sita.

Ninaandika haya nikiwa kwangu mtaa wa Dallas, hapa Embu, na hadi wa leo nikisikia watoto wakicheza nje giza likikaribia kuingia, mwili unanisisimka. Wacha niwasimulie vile ilikuwa.

Mimi ni msusi. Nina kisaluni mjini, viti vitatu na redio.

Dada yangu mkubwa, Kagure, ni nesi. Aliondoka 2008 akaenda Norway, kaskazini kabisa, mahali barabara karibu inaishia. Akaolewa na mzungu. Wakapata mtoto mmoja, kijana, wakamwita Ngari, jina la baba yetu.

Halafu ndoa ikavunjika. Sisi tuliambiwa mzungu alihamia kusini, na mtoto akaenda naye.

"Babake hataki aongee na watu kwa simu," Kagure alikuwa akisema. Picha tu ndizo alikuwa anatuma, moja moja. Mama yetu kule Runyenjes alikuwa anaenda kuzitoa studio, anazibandika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa.

2019 nikasema na mimi nipande ndege kabla sijazeeka.

Kagure alifurahi sana. Akanitumia barua ya mwaliko siku hiyo hiyo. "Kuja Januari," akasema. "Ama Desemba. Kuna giza siku nzima, lakini tutakaa ndani, tupike, tuongee."

Jamani, nani anasafiri kwenda kuona giza?

Isitoshe nina pumu. Baridi ya Manyatta tu, hapo juu kuelekea mlimani, inanilaza hospitali. Nikauliza kwa kundi moja la Facebook la watu wa kusafiri, wakanicheka. "Norway na Januari? Unataka kurudi kwa sanduku? Enda mwezi wa sita. Jua halizami, mchana na usiku ni mwanga. Utapenda!"

Kwa fomu ya visa tarehe nilijaza mwenyewe.

Nilimwambia Kagure baada ya kulipa tiketi. Nikijua hawezi nirudisha.

Alikaa siku mbili bila kujibu. Halafu akaandika neno moja.

"Sawa."

Alinipokea uwanja wa ndege. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na moja. Nilimrukia, nikamkumbatia, nikalia kama mtoto.

Mikono yake ilikuwa imelegea tu kando.

Nikajiambia ni uchovu. Manesi hawalali.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, nyekundu, nyuma yake kuna ziwa dogo limetulia kama chai kwa sahani. Pazuri, siwezi kudanganya. Lakini madirisha yote ya upande wa ziwa alikuwa ameyafunika kwa karatasi ya fedha, ile ya kufunikia chakula, na juu yake akapiga maboksi kwa gundi. Ndani kulikuwa giza mchana.

"Ni ya kuzuia jua ndio mtu alale," akasema.

Nilikuwa nimembebea Ngari jezi ya Harambee Stars, saizi ya mtoto wa miaka minane. Nilipiga hesabu vizuri.

Kagure aliichukua. Hakuikunjua. Akaiweka kwa droo, akafunga droo, akaniuliza kama nakunywa chai.

"Atakuja lini nimuone?"

"Nani?"

"Si Ngari?"

"Kunywa chai, Wawira."

Usiku wa kwanza nililala kama gogo. Usiku wa pili niliamshwa na kelele za watoto.

Walikuwa wanacheza mpira nje. Wanacheka, wanaitana. Kwa ufa wa boksi mwanga ulikuwa unaingia, ule wa saa kumi jioni. Nikafikiri nimelala hadi siku ya pili.

Nikaangalia simu.

Saa tano na dakika ishirini usiku.

Nilitoka kitandani nikichekea hayo maajabu, nikaenda kumwita Kagure aone. Kitanda chake kilikuwa tupu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Nikatoka na kanga. Watoto walikuwa wa jirani, wako barabarani upande wa mbele. Nyuma hapakuwa na mtu, ila dada yangu.

Alikuwa kwa ufuo wa ziwa, miguu mitupu, anatembea polepole akiangalia majani. Jua linampiga usoni. Na alikuwa anaita.

"Ngari! Uka mucii! Ngari!"

Rudi nyumbani. Kwa Kiembu. Kwa ile sauti tulikuwa tunaitwa nayo na mama jioni tukichelewa mtoni.

Ukiona mtu anaongea na wasioonekana gizani, unaweza kusema labda hukuona vizuri. Mimi niliona kila kitu. Niliona hata kivuli chake, kirefu, kimefika kwa maji.

Nilimwita. Hakugeuka.

Kwa nyumba ya pili, mama mmoja mzee alikuwa amesimama dirishani akimwangalia pia. Aliponiona, akatingisha kichwa, kuniambia niache.

Nilirudi ndani nikakaa jikoni. Kagure aliingia saa tisa usiku, akaosha miguu, akaingia kulala.

Ikawa hivyo usiku wa tatu. Na wa nne. Mimi mwenyewe usingizi ulikuwa umenitoroka, kichwa kinavuma. Hakuna mahali siku inaishia, hakuna mahali ingine inaanzia. Nikaanza kusikia mtoto akishuka ngazi, nikienda kuangalia hakuna mtu.

Siku ya tano nikashindwa. Nikamshika mkono jikoni.

"Kagure. Mtoto ako wapi?"

Alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya.

"Ako kwa kanisa. Nyuma ya kanisa. Miaka minne sasa."

Nikakaa chini. Sio kwa kiti. Chini.

Alinieleza akiwa amenipa mgongo. Ngari alikuwa na miaka minne. Ilikuwa jioni, jua linawaka vile nimeona, watoto wa jirani wako nje. Akaomba kutoka. Kagure akamfungulia mlango, akidhani ni mapema. Hakuangalia saa. Alipokuja kuangalia, ilikuwa karibu saa tano na nusu usiku, na barabarani hakukuwa na mtoto hata mmoja.

Walimpata kwa ziwa asubuhi. Kama unaweza kuiita asubuhi.

Mzungu hakumsamehe, akaondoka. Na mama yetu alikuwa ametoka tu kulazwa na presha, kwa hivyo Kagure akaogopa kumwambia. Akangoja apone. Halafu ikawa mwaka, halafu ikawa miwili. Picha alizokuwa anatuma ni za zamani, zile hatukuwa tumeziona, na sisi hatukuwahi kujiuliza mbona mtoto hakui.

Nilikuwa nalia. Nikaenda kumshika mabega.

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi dada yako? Ungeniambia hata kwa simu!"

Hapo ndio akageuka.

Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu. Mungu aniepushe nisiangaliwe tena.

"Simu," akasema. "Unakumbuka 2015, Runji alipokuacha?"

Nilikumbuka. Runji alikuwa mwanaume wangu, fundi wa pikipiki. Siku hizi tukikutana sokoni tunasalimiana tu, kila mtu na njia yake.

"Ulinipigia saa nne za huko. Hapa saa tatu. Ukalia. Ukaniambia vile amebeba nguo, vile amekuachia viatu mlangoni. Ngari akakuja akanivuta sketi mara mbili. Nikamwambia ngoja. Mara ya tatu nikamfungulia mlango ili nikusikie vizuri. Masaa mawili na nusu, Wawira."

Nikamwachilia mabega.

Kwa sababu niliikumbuka hiyo simu. Nakumbuka Kagure aliikata ghafla, nikiwa katikati ya maneno. Nilikasirika nikasema ameota pembe juu ya Ulaya. Nilikaa mwezi mzima bila kumtafuta.

"Najua sio makosa yako," akasema. Sauti ilikuwa chini kabisa. "Nimeambiwa hapa na daktari, na pasta, na mimi mwenyewe najiambia. Miezi kumi na moja najua hivyo. Miezi kumi na moja nakupenda. Mwezi wa sita siwezi. Mwezi wa sita nikisikia sauti yako nataka kutapika. Ndio nilikuambia usikuje."

Akarudi kwa viazi.

Ndege yangu ilikuwa bado siku sita, na hizo tiketi za bei ya chini hazibadilishwi. Nilihamia kwa yule mama mzee wa jirani. Anaitwa Solveig. Alinitandikia kochi. Kila usiku tulikaa dirishani na kahawa, tunamwangalia Kagure akizunguka ziwa.

"Kila mwaka," Solveig aliniambia kwa Kiingereza. "Hadi mwezi uishe. Halafu anarudi kazini, anacheka na watu."

Usiku wa mwisho nilishuka huko ziwani. Sikumkaribia. Nilisimama mbali, kama hatua ishirini, nikatoa viatu. Yeye alipoita, nikanyamaza. Alipochoka kuita, nikaita mimi.

"Ngari, uka mucii."

Alisimama. Nikajua atanifukuza.

Hakunifukuza. Tulizunguka lile ziwa lote, yeye mbele, mimi nyuma, tukipokezana.

Asubuhi akanipeleka uwanja wa ndege. Kwa gari aliniambia kitu kimoja. "Mwambie mama. Mimi siwezi."

Nilienda Runyenjes moja kwa moja kutoka Nairobi, hata saluni sikupitia. Mama alikuwa anachagua maharagwe. Nikamwambia yote, hata ile simu. Hiyo ndiyo ilinishinda zaidi kutamka, lakini niliitamka.

Mama aliendelea kushika ungo. Halafu akaenda akasimama mbele ya zile picha muda mrefu, akagusa moja, akagusa ingine. Hakutoa hata moja.

"Ilikuwa mwezi gani?" akaniuliza.

"Wa sita."

"Kuna mwezi gani anaweza kunivumilia nikilia?"

"Alisema Januari."

Mama yangu, miaka sabini na moja, hajawahi kuvuka Nairobi, akatafuta pasipoti. Januari 2020 alipanda ndege na sweta tatu na kilo mbili za unga wa uji. Alikaa wiki tatu kwa lile giza. Kagure alitoka kazini kila siku akakuta taa inawaka na mtu wa kumpikia. Mimi sikuenda. Sikuitwa bado.

Wenzangu mnaopanga kwenda kutembelea watu wenu huko nje, ulizeni hali ya hewa, ulizeni bei, hayo ni sawa. Lakini mwenyeji akikuambia mwezi fulani usiende, usimbishie na usimpime kwa jua na theluji. Anajua mwezi wake. Wewe ngoja ule mwingine.

Mimi mwezi wa sita simpigii Kagure. Hata ujumbe situmi.

Tarehe moja mwezi wa saba, kabla sijafungua saluni, simu yangu hulia. Huwa ni yeye.

"Umeamkaje, Wawira?"

Na mimi huangalia saa kwanza, kila mara, kabla sijamjibu.