Raga ya Wanaume ni Kazi, ya Dolphine ni Utoro

Saa tatu asubuhi ya Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, Dolphine Ogada ameinama bombani katika kambi ya wachuma chai nje ya mji wa Kericho. Mbele yake kuna karai, kipande cha sabuni na jezi za timu ya raga ya wanaume wa shamba hilo. Matope ya mechi ya jana yamegandia kwenye kola.

"Hii ni ya Weldon," anasema akiisugua. "Huyu akianguka, anaanguka na uwanja wote."

Hacheki. Kufua huku ndiyo kodi ya uwanja. Wasichana wanaruhusiwa kucheza raga Jumapili alasiri kwa sharti moja tu, wawafulie wanaume. Ukiuliza ni nani aliyetunga sharti hilo, kila mtu anaangalia pembeni.

Dolphine ana miaka ishirini na miwili. Mwezi Mei mwaka huu wa 1998 alivaa jezi ya Kenya jijini Nairobi, timu ya wanawake ilipowakaribisha wenzao wa Uganda. Alifunga trai, bao kubwa la raga, na kila winga wa Uganda alipoushika mpira, Dolphine alimwonjesha nyasi. Alirudi kambini shavu limevimba, furaha tele. Kesho yake kwenye mizani ya majani, nyapara akamwambia ameandikwa mtoro.

"Nikamwambia, 'Lakini nilikuwa nachezea Kenya!' Akanijibu, 'Kenya haichumi majani hapa.' Ai! Nilisikia ni kama nimetemewa mate."

Sasa sikiliza maajabu. Wiki hiyohiyo Weldon na timu ya shamba walikuwa Nairobi siku tatu kwa mechi zao, na siku zote tatu wakalipwa. Wachezaji wa kiume huruhusiwa kutoka kazini saa sita mchana wakafanye mazoezi, na hakuna anayegusa mshahara wao. Dolphine huchuma mpaka jioni, kilo thelathini na kitu siku ikiwa nzuri, ndipo akimbie peke yake kwenye barabara ya vumbi katikati ya michai. Jamani, hii ni haki ya wapi?

Weldon mwenyewe hafichi. "Mimi nililipwa nikiwa nimekaa benchi," anasema. "Huyu dada alicheza mechi yote. Hata mimi naona aibu." Lakini aibu hiyo haijamfundisha kufua jezi yake.

Raga ya wasichana ililetwa kambini na muuguzi kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni upande wa Bomet. Alikuwa amechezea nchi yake, na alipoondoka aliwaachia mpira. Loice, mama yake Dolphine, aliposikia binti yake anaangushana na watu kwenye nyasi, alimfuata na mwiko mkononi.

"Alipofika akakaa chini, akatazama mpaka mwisho," anakumbuka Dolphine. "Nyumbani akanipakulia ugali mkubwa."

Timu ya wanawake ya Kenya imealikwa Kampala mwezi ujao. Shamba limeshamwonya Dolphine: akikosa kazi tena, amefutwa. Akifutwa, chumba anachoishi na mama yake kinarudi kwa kampuni ndani ya wiki moja. Loice alichuma chai hapa miaka kumi na tisa mpaka mgongo ukakataa. Walitoka upande wa ziwa, na huko hawana hata pa kusimamisha kibanda.

Meneja msaidizi anayesimamia michezo, Bwana Nyamweya, tulimkuta klabuni, hatua chache kutoka bombani. Alijibu kwa upole mwingi. "Tunajivunia Dolphine. Hata picha yake tumeiweka ukutani." Picha ipo kweli. Mwenye picha ndiye asiyeruhusiwa kuingia, isipokuwa kuchukua jezi chafu kwa mlango wa nyuma.

Kwa nini basi raga ya wanaume ihesabiwe kazi na yake utoro?

"Ya wanaume ni ya shamba," alisema. "Ya akina dada ni ya kujifurahisha tu."

Tunamfikishia Dolphine jibu hilo. Anaacha kusugua. Anairudisha jezi ya Weldon kwenye karai, nusu povu nusu matope, analinyanyua karai zima na kwenda nalo mpaka klabuni. Analitua mlangoni, mlango wa mbele.

"Nao wajifurahishe," anasema.

Mchana, chumbani kwao, hasira haijapoa lakini mpango anao. "Kampala nitaenda. Nikifutwa nitatafuta kibarua popote, hata cha kufyeka. Na nikirudi nataka wasichana wa hapa wacheze bila kumfulia mtu."

Na chumba je? Swali hilo tunamgeuzia mama yake. Loice ameketi sakafuni, anafungasha sahani na sufuria ndani ya leso kuukuu, moja baada ya nyingine.

"Nyumba ni ya kampuni," anasema bila kuinua kichwa. "Dolphine ni wangu. Aende."